Hindi bichi ni mboga, tulipike kama mboga (uzi wa msimu)

#1 Mpishi wa Moro

Habari za Jumapili wakuu, na dada zangu wote mliomo humu.

Masika yameisha huku Morogoro na mahindi mabichi yamejaa kila kona. Ukishuka Msamvu jioni moshi wa wachoma mahindi unakupokea kabla hujatoka kituoni. Kutoka Mgeta zinashuka njegere, karoti na kabichi, na wa mabondeni wanaleta bamia, maharage mabichi na mboga za maboga zikiwa bado na umande. Kwangu huu ndio wakati mzuri kuliko wote wa kushika mwiko.

Nina jambo langu la siku nyingi. Hindi bichi wengi wetu tunalijua kwa njia mbili tu: kulichoma barabarani, au kulijaza kwenye sufuria na kulichemsha mpaka tuchoke kusubiri. Tunalichukulia kama nafaka iliyovunwa mapema. Mimi nasema ni mboga. Linapoteza utamu haraka kama mboga, halitaki moto mrefu, na linapendeza zaidi likipikwa na wenzake waliokua nalo shamba moja.

Nimekulia Ludewa, Njombe. Kule kwetu mvua ni moja, tunapanda Novemba au Desemba, na mahindi ya kula mabichi yanakuja kati ya Machi na Aprili. Mama yangu alikuwa na sheria ambayo hakuna aliyethubutu kuivunja: hindi bichi halilali ndani. Ukitumwa kuvunja mahindi, unavunja ya kuliwa leo. Ya kesho yabaki kwenye bua. Utotoni niliona ni ukali tu. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba punje ikishaachana na bua, sukari yake inaendelea kugeuka kuwa wanga, na joto likiwa kali inageuka mbio. Hindi lililokaa kwenye kiroba juani tangu jana lina rangi ileile ya hindi la leo, lakini utamu umeshaondoka.

Somo hilo nililirudia kwa aibu mwaka jana. Shemeji yangu alikuja kututembelea, nikanunua kiroba kizima kwa muuzaji aliyeniapia kwamba yamevunjwa alfajiri. Nilichemsha karibu saa mbili. Ngozi ya punje ilibaki ngumu, ndani unga mtupu. Shemeji alikula nusu hindi kwa heshima, akashukuru, akanywa maji mengi. Sikulala vizuri siku ile.

Tangu hapo sinunui bila kukagua, na ninakagua hivi. Kwanza kikonyo, pale hindi lilipovunjwa kwenye bua. Kikiwa na unyevu na rangi mbichi, ni la leo. Kikiwa kimepauka na kukauka, lina siku zake. Halafu ndevu: ziwe za kahawia na zimekauka nchani, lakini ukizifuata hadi zinapoingia kwenye maganda bado zina unyevunyevu. Maganda yabane, yawe ya kijani. Usimfunulie muuzaji kila hindi, unamharibia biashara, maana lililofunuliwa linakauka na hakuna anayelitaka tena. Lipapase kwa nje kutoka kitako hadi ncha, mapengo utayasikia kwa vidole. (Kila uzi mmoja wa ndevu umeungana na punje yake moja. Uzi usipopata chavua, punje yake haijazi. Ndiyo maana ukame ukipiga wakati mahindi yanatoa ndevu, tunakula mapengo.)

Kipimo cha mwisho ni kucha, na hiki kinatosha kufanywa kwenye hindi moja tu kwa niaba ya fungu zima. Bonyeza punje ya katikati. Yakitoka maji maangavu, ni changa mno, mwachie mkulima. Yakitoka maziwa meupe, hilo ndilo la kuchemsha, la kuchoma, la nazi, la kukaanga. Kwa kawaida linafika hapo kama wiki tatu baada ya kutoa ndevu. Ikitoka kama uji mzito au donge laini, usilitupe na usilichemshe: hilo ni la mkate wa mahindi. Kucha ikikataa kabisa, liache likauke au litafutie maharage na muda wa kutosha.

Nitarudi na mapishi yenyewe. Nanyi leteni ya kwenu, kila mkoa una mkono wake.

#2 Kijana wa Geto

Mkuu asante kwa uzi, hilo la kikonyo sikuwahi kulijua. Mimi nina jiko la gesi la plate moja na kikaango. Kuna namna ya hindi bichi ambayo haihitaji saa nzima? Gesi ni bei.

#3 Mpishi wa Moro

Kijana, ipo, na ndiyo inayothibitisha ninachosema. Chukua mahindi mawili yenye maziwa. Simamisha hindi kwenye sahani, telemsha kisu kutoka juu kwenda chini, punje zitadondoka zenyewe. Halafu geuza kisu, kwangua gunzi kwa mgongo wake, utapata yale maziwa yaliyobaki. Usiyaache, ndiyo yanayoleta uzito.

Mafuta kidogo, moto mkali. Kitunguu kimoja kwanza, kikilainika weka hoho na bamia tatu nne ulizozikata vipande vinene. Bamia zipate joto kali na usiweke maji, hapo hazitavutika sana. Kisha punje, chumvi, geuza dakika nne au tano. Zikianza kung'aa na kutoa harufu tamu, mwagia yale maziwa ya gunzi, dakika moja, zima. Nyanya ukitaka ikate mbichi uweke juu wakati wa kula. Ukiwa na yai vunjia humohumo. Unakula na wali au chapati, gesi imewaka robo saa haijafika.

#4 Bonde la Pangani

Dada umenigusa. Mimi wa Tanga, na ninaumia nikiona mahindi ya nazi yanavyopikwa mitaani siku hizi: mahindi yamechemshwa kwa maji, halafu tui la pakiti linamwagwa juu kama mchuzi wa kuazima.

Mahindi ya nazi yaivie ndani ya tui. Nazi zikunwe kwenye mbuzi: kwa mahindi sita, nazi mbili zilizokomaa. Kamua kasimile, yaani tui zito la kwanza, uiweke pembeni, usiitie maji mengi. Rudia kukamua machicha upate tui la pili na la tatu, hilo jepesi ndilo la kupikia. Kata kila hindi vipande vitatu, panga kwenye sufuria, mwagia tui jepesi mpaka yafunikwe, weka kitunguu, pilipili mbichi nzima isiyopasuka, na bizari ya manjano kidogo tu kwa rangi. Chumvi tunaweka hapohapo ili iingie mpaka kwenye gunzi.

Tui jepesi likikaribia kukauka na mahindi yameiva, punguza moto ndipo utie kasimile. Hapo usiondoke jikoni hata kama mgeni anabisha hodi. Koroga taratibu, mviringo mmoja, mpaka lizidi uzito na kuyashika mahindi. Ukiliachia lichemke kwa fujo tui linakatika, unabaki na mafuta juu na maji chini. Epua. Ndimu inakamuliwa sufuria ikiwa chini, kamwe si juu ya moto, kwa sababu ileile ya kukatika.

Na mtu ale kwa mkono, anyonye gunzi. Utamu wote umejificha mle.

#5 Nyanda Juu

Salaam. Niko Mbeya mjini. Mbona maharage mabichi kwangu yanachelewa kuiva kuliko nilipokuwa Dar? Mahindi nayo. Jirani kaniambia niweke magadi kila kitu kiive haraka.

#6 Mpishi wa Moro

Bonde, nimekusoma mara mbili. Hilo la kasimile mwishoni naliafiki kabisa, na la kukamua ndimu sufuria ikiwa imeshaepuliwa nilikuwa nakosea miaka yote. Asante.

Ndugu wa Mbeya, kosa si lako. Mji wenu uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kadiri unavyopanda ndivyo maji yanavyochemka kwa joto dogo. Dar maji yanachemka kwenye nyuzi 100, kwako ni karibu 94. Yanatokota vilevile kwa macho, ila moto wenyewe ni mpole zaidi. Funika sufuria vizuri, ongeza muda, basi.

Magadi nakuomba uyaache kwa maharage mabichi. Ni kweli yanalainisha haraka, na mboga zinabaki kijani, lakini yanaharibu vitamini B1 na C, na ladha inakuwa ya sabuni. Maharage makavu yaliyokaa ghalani mwaka mzima ni habari nyingine, siwezi kugombana na mtu. Haya mabichi ya kumenya yanaiva nusu saa hadi dakika arobaini, hata huko kwako saa moja haizidi.

Kinachochelewesha watu wengi ni nyanya. Uchachu unazuia ngozi ya maharage kulainika. Ukianza kwa kukaanga vitunguu na nyanya ndipo utie maharage, utapika mpaka kuni ziishe. Nyanya ziingie maharage yakiwa tayari. Hapa niweke makande yangu mabichi, maana ndiyo chakula ninachokipenda kuliko vyote kwenye msimu huu:

Mahindi sita yenye maziwa, pukuchua au kata. Vikombe viwili vya maharage mabichi yaliyomenywa. Boga changa dogo, lile ambalo kucha inapenya ganda, likatwe na ganda lake. Fungu moja la mboga za maboga. Vitunguu viwili, nyanya tatu, karanga zilizosagwa kikombe kimoja.

Chemsha maharage peke yake kwanza. Na yale magunzi uliyoyapukuchua usiyatupe, yatie humohumo yachemke pamoja, yanaacha utamu kwenye maji, utayatoa baadaye. Maharage yakiwa karibu kuiva tia punje na boga. Dakika kumi na tano. Toa magunzi. Pembeni kaanga vitunguu na nyanya mpaka zivunjike kabisa, mimina. Koroga karanga na maji ya moto kidogo zisifanye mabonge, mimina, punguza moto. Mboga za maboga zinaingia mwisho, dakika tano tu.

Mboga za maboga zina kazi yake: vunja ncha ya kikonyo, vuta uzi wa nje kuelekea kwenye jani mpaka utoke, zungusha pande zote. Chukua majani machanga ya juu, yafikiche kidogo kwa viganja ili vile vinyweleo vilale, ndipo ukate. Maua nayo ni matamu sana. Chuma maua dume, yale yenye kikonyo chembamba kisicho na kiboga nyuma yake, lakini bakiza machache kwa ajili ya nyuki. Ukichuma yenye kiboga umekula boga lako la mwezi ujao.

Ukiangalia sufuria hiyo, utaona ni shamba lenyewe limehamia jikoni. Mahindi yanasimama, maharage yanatambaa juu yake, maboga yanafunika ardhi isikauke. Mama alipanda hivyo bila kufundishwa na bwana shamba. Na mazao hayo matatu yote asili yake ni bara la Amerika. Wahindi Wekundu wa kaskazini, hasa Wairoquois, waliyaita madada watatu na kuyapanda kwenye tuta moja. Wenzao Wanarragansett wa pwani ya mashariki walikuwa na chakula chao cha mahindi na maharage, na mpaka leo Marekani wanakipika kwa jina lililotoka kwenye lugha hiyo, succotash. Mahindi yalianza kulimwa Mexico miaka kama 9,000 iliyopita, Wareno wakayaleta upande huu wa bahari. Chakula kimesafiri mbali na bado kinajuana chunguni.

#7 Wa Murang'a

Hamjambo ndugu zetu. Huku kwetu hiyo sufuria yako, dada, tungeiongezea viazi na kuiponda, iwe mukimo. Viazi, mahindi mabichi, majani ya malenge, hiyo ndiyo ya kila siku. Siri ni kwamba mahindi yasipondwe yote. Chemsha mahindi kwanza, ongeza viazi juu, kisha majani ya malenge dakika za mwisho, mwaga maji karibu yote lakini uyahifadhi kando. Ponda kwa mwiko mzito huku ukirudisha maji kidogo kidogo. Punje zibaki nzima ndani ya kijani, ukitafuna unazipata. Mtu akitumia mahindi makavu ya kuchemsha pia inakuwa mukimo, lakini ya mabichi ndiyo tunayoingojea.

#8 Baridi ya Ohio

Wapendwa, niko Marekani mwaka wa nane. Huku mahindi yanaanza Julai hadi Septemba, wakulima wanauza kando ya barabara. Ni matamu kama yametiwa sukari. Nilijaribu mahindi ya nazi, yakawa kama kitindamlo. Nikajaribu mkate wa mahindi wa bibi yangu, haukushika kabisa, ulibaki uji ndani ya maganda. Nilikaribia kulia. Nifanyeje?

#9 Mpishi wa Moro

Pole sana dada yangu, na si wewe. Mahindi hayo ni aina nyingine. Yana tofauti ya asili kwenye jeni inayozuia sukari kugeuka wanga, ndiyo maana ni matamu na majimaji. Mahindi yetu meupe ni yaleyale ya sembe, tumeyawahi tu. Mkate unashikwa na wanga, na kwako wanga haupo wa kutosha. Kila vikombe vinne vya punje zilizosagwa ongeza kikombe kimoja cha sembe, na sukari usitie kabisa. Kwenye nazi usiyapike muda mrefu, hayo yanaiva dakika tano. Punguza tui jepesi kwanza mpaka liwe zito, ndipo uyatie, na uongeze pilipili na ndimu ili upande wa chumvi ushinde.

Ukitaka ya kuweka kwa ajili ya majira ya baridi: chemsha mahindi mazima dakika nne, yatumbukize kwenye maji ya barafu mpaka yapoe hadi ndani, kata punje, weka kwenye friza. Zile dakika nne zinazima vimeng'enya vinavyoharibu ladha. Nimefanya hivyo hata huku kwangu, na mwezi wa kumi nilipika makande yakiwa na ladha ya Juni.

Umetaja mkate wa bibi, basi niuandike, maana wengi wameanza kuusahau.

Yale mahindi ya donge, kumi au kumi na mawili. Yamenye kwa uangalifu: kata kitako kwanza ili maganda yatoke mazima. Ya nje tupa, ya ndani mapana yaoshe, ndiyo vyombo vyako. Kata punje, saga bila maji. Kwetu ilikuwa jiwe la kusagia, leo blenda inafaa, ila saga kidogo kidogo na usikubali kishawishi cha kuongeza maji. Tia chumvi nusu kijiko cha chai, sukari vijiko viwili vya chakula, samli au kasimile vijiko vitatu. Ukichota na mwiko uone donge linadondoka kwa kusita. Likimwagika kama uji, sembe kidogo.

Pishanisha maganda mawili, weka donge katikati, kunja pande, kunja ncha, funga kwa uzi uliouchana kutoka kwenye ganda. Tandika magunzi chini ya sufuria, maganda mabovu juu yake, maji yasifikie mikate. Panga mikate, funika kwa jani la mgomba kisha mfuniko. Moto wa wastani, saa moja. Ganda likiachia lenyewe bila kung'ang'ania, umeiva. Uache upoe kidogo, ukila wa moto utadhani ni mbichi.

Kuna mambo yananifurahisha: Mexico, jimbo la Michoacán, wanapika kitu hikihiki na kukiita uchepos. Brazil wanakiita pamonha, na wanakila sana kwenye sherehe zao za Juni. Kama tunavyofanya sisi.

#10 Nyanda Juu

Narudi na mrejesho. Nimepika jana bila magadi, nyanya mwisho, sufuria imefunikwa. Maharage dakika hamsini. Watoto wamekula mpaka yaliyoshika pembeni mwa sufuria. Mkate nao nimejaribu, kumi na minne ilitoka, miwili ilifunguka nikaila mimi. Mama mkwe wangu ana miaka themanini na kitu, alishika mmoja, akaunusa kabla ya kufungua, akasema kwa Kinyakyusa kitu ambacho mume wangu alikataa kunitafsiria. Baadaye akaomba wa pili.

Magunzi yamebaki kwenye sufuria. Nayatupa?

#11 Mpishi wa Moro

Usiyatupe mama! Yaongezee maji, kitunguu, tangawizi, karoti za vipande. Chemsha dakika arobaini, chuja. Tia njegere na punje chache kama umebakiza, chumvi, kotimiri. Mpe mama mkwe kikombe leo usiku, huko kwenu baridi ya Juni imeshaingia.